Githinji Hakufa Mlevi

Mwaka wa 2004 Tabitha Nakhumicha alikuwa amekodi nyumba ya mabati huko Kitengela, akiishi na wanaume waliokuwa wakijaribu kuacha pombe na ambao hawakuwa na pengine pa kulala. Mumewe mwenyewe aliuawa na pombe kali ya chang'aa, na tangu amzike alishindwa kumpita mlevi aliyelala kando ya njia kana kwamba ni gunia. Kanisa lilimpa unga na maharagwe. Mengine alijipigania.

Githinji, Tabitha alimtoa kwenye soko la mifugo la Kajiado, alikokuwa akilala chini ya jukwaa la kupakilia ng'ombe kwenye malori. Zamani alikuwa fundi wa mawe. Siku za kwanza alitetemeka hata uji ukamwagika kifuani, akawa anauliza ni nani anayegonga ukuta, na hakuna aliyegonga. Tabitha alimshika mabega akamlisha kwa kijiko. Polepole mikono ikatulia. Kabla ya mvua kubwa alikuwa amejenga jiko la mawe uani, kisha akapata kibarua kwenye nyumba zilizokuwa zikiota kila pembe ya Kitengela. Jioni alirudi na vumbi la mawe kwenye nyusi, akaomba chai.

"Mama yako yuko Ngong hapa tu," Tabitha alimwambia siku moja wakichambua maharagwe. "Nenda akuone."

"Nitaenda, Sista. Wacha ninenepe kidogo kwanza. Mara ya mwisho aliniona nikiwa mifupa mitupu, nimeuza hata sufuria zake. Nataka nikiingia asishtuke."

"Mama hashtuliwi na mtoto wake."

"Huyo wangu humjui." Akacheka. "Krismasi nitaenda."

Lakini hakunenepa. Tumbo ndilo lililokua, huku shingo na mikono ikizidi kukonda. Alasiri moja wenzake wa kazi wakamleta wakiwa wamemshika kwapani, anayumba, maneno hayaeleweki. Wathome, mmoja wa wale waliokaa pale, akatikisa kichwa. "Ameanza tena," alisema.

Tabitha alisimama mlangoni. Githinji akainua uso, macho yamegeuka manjano.

"Sista," akasema kwa shida, "ninuse mdomo."

Akainama, akamnusa. Hapakuwa na pombe. Palikuwa na harufu ya ugonjwa, yenye utamu wa kuchefua. Tabitha akamkumbatia akalia pale pale mbele ya wanaume, kwa sababu na yeye alikuwa ameshaamini kwamba ameanza tena.

"Ini liliharibika zamani, kabla hujakutana naye," daktari alimweleza Tabitha hospitalini jioni hiyo. "Kama hangeacha, hangefika leo."

Tabitha alitaka kumwita mama mara hiyo, Githinji akakataa. Nikipata nafuu, alisema, nikipata nafuu. Kesho yake Tabitha hakumsikiliza tena. Alimtuma Wathome Ngong, naye akampata mama, Virginia, shambani akipalilia viazi. Mama huyo alitoka bila kubadilisha viatu. Walipoingia wodini kitanda kilikuwa kimeshatandikwa shuka jipya.

Siku ya mazishi, Njuguna, kaka mkubwa, alisimama kando ya kaburi mbele ya umati. "Vijana, mmejionea," akasema. "Pombe imemmaliza ndugu yangu. Amekufa mlevi, mbali na watu wake."

Tabitha akainua mkono. Mwongozaji wa shughuli akamwambia muda umekwisha, na pasta akaanza kuomba.

Watu walipoanza kutawanyika alimwendea mama aliyekuwa kwenye kiti cha plastiki, akachuchumaa mbele yake.

"Mama, hakufa mlevi. Alikuwa ameacha. Nimekaa naye mwaka mzima, alikuwa anaamka anaenda kazi kama watu wengine. Mimi mwenyewe nilimnusa mdomo."

Virginia alimgeukia. "Kama alikuwa ameacha, mbona hakuja nyumbani?"

Tabitha akamjibu, "Alitaka anenepe kwanza."

"Anenepe." Mama akaweka mikono mapajani, akaigeuza viganja juu. "Na chakula kiko kwangu."

Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza siku hiyo, na Tabitha akamshika magoti asijue ni nani anayemliwaza mwenzake.

Alipotulia, mama alimwita mwanawe. "Njuguna, huyu mama ameniambia ndugu yako alikuwa ameacha. Rudi pale useme vizuri."

"Mama, watu wameenda."

"Sema."

Njuguna akarudi hadi kwenye udongo mbichi, akavua kofia. "Ndugu yangu alikuwa ameacha pombe," akasema, sauti haifiki mbali. Wanaume waliokuwa wakikunja turubai waligeuka wakamtazama, kisha wakaendelea na kazi yao.