Mlango wa Stoo

Kila Alhamisi saa nane mchana, wakishameza dawa, wazee wa makao fulani ya kutunzia wazee mjini Roseville hutazama filamu ileile. Ni ya kusisimua, nyeusi na nyeupe, ya wakati Hollywood ingali changa. Ilitokana na mchezo wa jukwaani, kwa hiyo mambo yote hutokea sebuleni. Tajiri anakunywa sumu, mtumishi mweusi aliyeleta chai anakamatwa, halafu daktari wa familia anakiri. Wachumba wanabusiana. Hakuna anayekumbuka kwenda kumtoa mtumishi rumande.

Jiko la nyumba ile ya kwenye filamu halionyeshwi kamwe. Mtumishi akitoka sebuleni na trei, hutokea kwenye mlango wa stoo ya makao, jikoni, ambako Nkatha, mhudumu wa wazee aliyehamia ughaibuni kutoka Meru, huchemsha chai ya maziwa.

Siku ya kwanza Nkatha alimpa kikombe kabla ya kumuuliza lolote, kama mgeni yeyote kwao. Kisha akamuuliza jina. Aliitwa Susan. Kwenye filamu wanamwita "wewe". Alikunywa amesimama, akashukuru, akarudi kukamatwa.

Nkatha aliumia. Mama yake alikuwa mfanyakazi wa nyumbani kule Nanyuki, akasingiziwa kuiba saa. Saa ilionekana jioni hiyohiyo mfukoni mwa koti la bosi, lakini mama alikaa ndani mpaka Jumatatu, maana hakuna aliyeona haja ya kwenda kusema. Nkatha anaikumbuka Jumatatu ile: mama aliingia, akavua viatu, akainjika chai. Hajapata kunywa chai tamu kama ile tena, na bado anaitamani.

"Usirudi leo," alimwambia Susan wiki ya tano. "Shift yangu inaisha saa tisa, nitaku-drop kwangu Brooklyn Park. Kuna kitanda."

"Na chai yao?"

"Wajitilie."

Kwenye filamu, kengele ya kumwita mtumishi sebuleni ililia mara kumi na moja. Polisi walisimama juu ya zulia na pingu mkononi mpaka filamu ikaisha. Mzee Harrison, mmoja wa watazamaji, alilalamika kwamba leo imekuwa ndefu.

Susan alizoea upesi. Maureen, anayeishi na Nkatha, alimnunulia koti la baridi na kumfundisha ku-drive kwenye parking ya kanisa. Jumatatu akaajiriwa pale makaoni, kwani watu hawatoshi kamwe.

Alhamisi iliyofuata kengele ililia mara moja tu. Kwenye filamu akaingia msichana mwingine na trei, mwembamba, aproni ikimpwaya.

"Afadhali huyu," mzee Harrison akasema. "Ana haraka."

Susan alichungulia kutoka jikoni. "Huyo ni mdogo wangu," akasema.

Alikwenda kuusukuma mlango wa stoo. Ulikuwa umefungwa kwa upande wa pili. Aligonga, akaita, akagonga tena, huku Nkatha akisukuma naye kwa bega. Sebuleni polisi walimchukua msichana, daktari akakiri, wachumba wakabusiana. Wazee wakaitisha chai, na Susan akawapelekea.