Kiti cha Dirishani

Mwalimu msaidizi aliingia chumba cha mtihani. Leo ndiyo leo: akiitetea vizuri tasnifu yake, anakuwa daktari wa sheria ya kimataifa na kazi inabaki yake; mtihani ukiahirishwa, mkataba wake unakwisha na chuo kinamwonyesha mlango. Mama yake, asiyejua kungoja, alikwisha kuutangazia ukoo mzima kwamba binti yake ni daktari, na tangu juzi mashangazi walikuwa wakimpigia simu kumweleza maumivu ya magoti.

Watahini walikuwapo wote watatu, lakini hakuna aliyeketi. Kiti chenye mto kilikuwa kimoja tu, pale dirishani penye upepo. Vingine vilikuwa vya plastiki, vile vinavyobana makalio mpaka mtu aungame asiyoyatenda.

"Kiti ni changu," alisema Bwana Mkataba. Wanafunzi walimbatiza hivyo kwa kuwa kwake sheria ni yale tu ambayo mataifa yametia saini. "Tulikubaliana kikaoni. Mlisaini."

"Nilisaini mimi, mgongo wangu haukusaini," alijibu Mama Haki, anayeamini kuwa ipo sheria iliyo juu ya saini zote, nayo imo ndani ya utu wa mtu. "Anayeumwa ndiye akae. Mtoto mdogo analijua hilo."

Mzee Chimbuko akacheka kwa dharau. Huyu ukimwuliza saa ngapi, atakueleza kwanza saa ililetwa na nani na kwa nia gani. "Mnagombania mali ya wizi. Kiti hiki ni cha idara ya historia. Mlikikuta wenyewe wako likizo, mkasema hakina mwenyewe. Mabara mazima yalichukuliwa hivyohivyo. Na kwa kuwa mimi nilitokea idara ya historia..."

"Ukikalie wewe," wenzake wakamalizia.

"Sijasema mimi. Historia ndiyo inasema."

Wakaanza upya. Mlangoni watu wa uhasibu walikuwa wameshafika, wanakitaka chumba. Mwalimu msaidizi aliona miaka yake yote ya kukesha ikimwagika kwa sababu ya mto wa kiti, na hasira zikampanda. Vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Akapita katikati yao, akakaa.

Wote watatu, kwa sauti moja: "Binti, ondoka hapo."

"Kwa sheria ipi?" aliuliza.

"Hukuwepo kikaoni," alisema Bwana Mkataba.

"Ndiyo maana mkataba wenu haunifungi."

"Mwanangu, utu," alisema Mama Haki.

"Mama, nimesimama tangu asubuhi, na sijatia kitu tumboni."

"Umekikuta tu hicho," alisema Mzee Chimbuko.

"Kama nyie, Mzee. Tena mimi nimekikalia mkinitazama. Miaka yote mnabishana sheria inatoka wapi. Leo mmepatana mara moja, tena kwa jambo moja: mgeni asikae. Hayo ndiyo niliyoyaandika, kurasa zote zile. Mngesoma mngejua."

Watahini wakatazamana. Ilikuwa wazi kwamba kila mmoja alitegemea mwenzake amesoma. Wakajikusanya pembeni, wakanong'onezana, wakarudi.

"Umefaulu, daktari," alisema Bwana Mkataba. "Haya, inuka sasa."

Daktari akauweka mto vizuri mgongoni, akawaambia hilo litahitaji kikao.