Mpira Ndani ya Kibuyu

Mkojo wa dada yangu Soila hautoki wenyewe. Pikipiki ilishuka naye korongoni ikamvunja mgongo. Kutembea anatembea, kwa fimbo, lakini kibofu kimekufa. Kikijaa hakimwambii. Inabidi ajitoe mkojo kwa mpira mwembamba kama mrija wa soda, mara nne au tano kwa siku.

Nesi Marsela alimfundisha wodini, hapa Karatu. Mimi nilitolewa nje ya pazia, lakini nilisikia yote. Alimpa kioo kidogo, maana mwanamke hawezi kuliona tundu lenyewe bila kioo. Nawa mikono kwa sabuni. Jisafishe kutoka mbele kwenda nyuma. Kunywa maji, usibane mkojo. Ukimaliza, osha mpira na uutundike ukauke kabisa, ndipo uufunike.

"Ukiufungia mbichi, wadudu wanazaliana humo," alisema. "Na hawaishii kwenye kibofu. Wanapanda mpaka kwenye figo."

Nikamrudisha kwa mumewe Tobiko, kule Enguserosambu. Kabla mvua hazijaanza alinipigia simu, meno yanagongana. Nikapanda gari la kwanza.

Nilimkuta amejikunja juu ya ngozi, mwili unachemka. Mkojo kwenye kopo ulikuwa mzito kama maji yaliyooshewa mchele, unanuka. Nikauliza mpira uko wapi. Akanionyesha kwa kidevu kibuyu cha maziwa kilichotundikwa ukutani.

Mama mkwe wake, Sinyati, aliingia kabla sijakishika.

"Hicho kibuyu changu. Nimekichoma mwenyewe kwa kijinga cha oloirien, mzeituni wa porini. Maziwa yanakaa humo wala hayaharibiki. Hako kapira kataharibikaje?"

"Yeyo, mama yangu, mpira unakaushwa nje, kwenye upepo."

"Nje! Aliutundika kwenye miiba ya boma, vijana wakauona. Wakasema mke wa Tobiko siku hizi anakunywa soda kwa huku chini. Ungependa wamseme hivyo?"

"Heri wacheke."

"Unasema hivyo kwa sababu wewe hulali hapa. Wanaomcheka wanamcheka mwanangu."

Nikauchomoa mpira. Ulikuwa mweusi kwa masizi, umelowa, unanuka moshi na maziwa yaliyochacha. Nikakipiga kibuyu kwenye mafiga, kikapasuka. Najua maana yake kwetu: ni tusi kwa nyumba nzima. Hakuna mtu anayevunja kibuyu cha mama ndani ya nyumba yake kwa bahati mbaya.

Sinyati alitoka nje. Alimwita mwanawe.

Tobiko alisimama mlangoni na fimbo yake. "Shemeji, umevunja kibuyu cha mama yangu."

"Na nyinyi mnamuua dada yangu."

"Basi mchukue. Hata harufu yake imetuchosha. Lakini ng'ombe wangu warudi, na watoto wanabaki. Ni watoto wa boma hili."

"Nyanyua hiyo fimbo basi, tuone."

"Sikupigi. Wewe ni wa kulipa, si wa kupigwa."

Soila akajiinua kwa kiwiko. Hakumwangalia mumewe. "Lesiamon, nikibaki nitakufa?"

"Utakufa."

"Basi nishike mkono."

Watoto walikuwa malishoni na ndama. Hakuwaaga.

Alilazwa Karatu, akawekewa dripu na dawa za sindano mpaka homa ikashuka. Sasa anakaa kwangu. Bomba la maji liko uani, sabuni ipo, na mpira unakauka kwenye kamba mbele ya wapangaji wangu. Mmoja alicheka, nikamfungashia vyombo vyake siku hiyo hiyo. Homa haijarudi.

Nilimrudishia Tobiko ng'ombe kumi na mmoja, wanne kati yao wa kununua mnadani. Figo ya kulia ya Soila haifanyi kazi tena. Watoto wawili wamebaki kule, na yule mdogo anamwita Sinyati mama.