Mdogo Wangu na Kabati la Bati

Jirani yetu, yule tunayemwita Redio, amewaeleza watu kwenye duka la mkaa kwamba alimwona mama uani, kapanda kigoda kwenye manyunyu ya mvua, anarusha mikono kama anayefukuza nyuki, na nyuki hata mmoja hakuna. "Mama wa watu kapatwa na nini?" akawauliza.

Kigoda ni kweli, mvua pia. Alichoacha kusema ni simu iliyoegemezwa kwenye dirisha la stoo. Mdogo wangu ni kiziwi, anashona nguo mji wa mbali, na mama huongea naye kwa mikono, kwa simu ya video. Sauti ikikwaruza unaweza kubahatisha; mikono ikiganda, neno limepotea. Siku zile kila akianza, "Mama, nataka...," picha inaganda, vidole vikiwa juu. Anataka nini? Kuacha kazi? Anaumwa? Mama alikuwa hali akashiba. Ndipo akalifuata dirisha la stoo na goti lake bovu, maana huko ndiko mtandao ulikopatikana.

Baba ni fundi baiskeli. Kisanduku cha waifai alikifungia stoo, ndani ya kabati la bati, pamoja na vifaa vyake, akakifunika kitambaa kisipate vumbi. Mimi nilikuwa naangalia tu. Mwishowe nikamwambia, "Baba, ukifungua kabati asubuhi kuchukua spana, simu inashika mpaka jikoni. Ukifunga, kimya."

"Kwa hiyo niliache wazi, mwizi ajihudumie."

"Mwizi atabeba spana zako kwanza, baba."

Akaguna, akatafuta misumari. Tulikitundika kisanduku juu ukutani, kwenye korido katikati ya nyumba, bila kitambaa.

"Kimepandishwa cheo," mama akasema.

Lakini chumbani kwake picha bado ilikuwa inakwamakwama. Kwenye simu mtandao wetu una majina mawili, moja linaishia na tano. Aliyetufungia mtandao alituambia hilo la tano lina kasi, ila kuta hulichosha. Lile lingine ni la polepole lakini hufika mbali. Simu ya mama ilikuwa imeng'ang'ania la tano.

Nikamweleza, "Huyu ni kijana wa mbio, akikuta ukuta anarudi. Yule mwingine anajikongoja, lakini anafika."

"Basi nipe huyo mtu mzima mwenzangu."

Jioni hiyo mama alikaa kitandani, mguu kaunyoosha, simu imeegemea mto. Mdogo wangu akatokea, uso mzima, mikono mizima. Hakuganda hata mara moja.

"Mama, nataka kumleta mtu nyumbani. Ni kiziwi kama mimi. Ana adabu, na anapika kunishinda."

Baba, ambaye mikono yake inajua salamu tu, akaninong'oneza mlangoni, "Kasemaje?" Nikamwambia. Akavua kofia, akaketi kwenye ukingo wa kitanda, aonekane na yeye.

Mama alikuwa anatabasamu, macho yamemjaa maji, mikono imelala mapajani.

"Mama, nimlete Jumapili?" mdogo wangu akauliza tena, akidhani picha imeganda, taratibu, kila kidole kikionekana.