Kosa Moja kwa Siku

Mapenzi alipanda ngazi za nje za duka la simiti pale Kombani, akavua viatu mlangoni kama walivyotakiwa, akawasalimu waliomtangulia, akaketi mbele ya kompyuta yake. Kazi yake ilikuwa kuchora visanduku. Picha ya barabara ikija, alizungushia kila kilichomo: mtu kisanduku cha kijani, mnyama cha manjano, kitu cha kijivu. Picha nyingi zilitoka miji ya mbali, yenye theluji na watu waliovaa makoti mazito. Wenye kazi walikuwa huko huko mbali, na walitaka magari yajiendeshayo yajue nani wa kusimamiwa na nini cha kupitwa tu. Mapenzi alikuwa hodari. Asiyejua angedhani binti wa watu anacheza.

Chumba kilisimamiwa na Japheth Munee, kijana wa Kikamba ambaye wazazi wake walihamia Shimba Hills kufuata mashamba. Hakuwa mtu mbaya. Ijumaa alinunua mahamri kwa mfuko wake. Mwongozo wa kazi aliuweka kwenye simu, na ndani yake mlikuwa na maelezo ya mtu ni nini. Mtu, mwongozo ulisema, ni kiumbe chenye kichwa, kiwiliwili, mikono na miguu inayoonekana. Ambaye uso wake hauonekani, na zaidi ya nusu ya mwili wake imefunikwa na kitu, ahesabiwe kuwa sehemu ya kitu hicho. Wenye elimu zao wameulizana binadamu ni nini tangu dunia iumbwe na bado wanaulizana, lakini mwongozo ulikuwa na haraka. Walioandika hawakukusudia ubaya wowote. Kwao hakuna abebaye kitu kichwani.

Basi siku moja wakaja mafundi wakafunga kamera kwenye nguzo ya umeme, pale pale njia panda ya Kombani, na picha za nyumbani zikaanza kuingia pamoja na zile za theluji. Mapenzi alifurahi mno. Aliiona bucha, akaiona steji ya tuktuk, akamwona Feisal amelala ndani ya tuktuk yake miguu nje. Akamchorea kijani huku anacheka. Kisha wakatokea wanawake wa makuti.

Makuti ya kwao hubebwa tita zima kichwani, juu ya kata ya leso, na ncha huachwa ziinamie mbele na nyuma ili upepo usiyachukue. Ndivyo wanavyofundishwa na mama wakwe zao, na aliyebeba vingine huchekwa njia nzima. Ukimtazama mtu wa namna hiyo kwa mbele huoni uso wala kifua. Unaona paa linatembea. Wanawake hao hutoka nayo mashambani, njia ya kwendea Mkongani, wakavuka lami kwa miguu, kwa sababu lori linaloyapeleka kwenye hoteli za Diani huegesha ng'ambo.

Wa mbele alikuwa Mwanasha, mamake Mapenzi. Mapenzi alimjua palepale, kwa jinsi anavyotupa mguu wa kushoto. Mkono ukasimama juu ya kipanya. Roho ilimuuma, asikudanganye mtu, lakini picha ilikuwa na muda wake na muda ulikuwa unakwisha. Akabonyeza kijivu. Kompyuta ikaandika kwamba ni sahihi, akapewa picha nyingine.

Alikwisha kuwachora watu kijivu mara nyingi, wa nchi zisizojulikana, na kama kulitokea jambo lolote huko habari hazikumfikia. Safari hii zilimfikia mchana huo huo, maana dirisha la chumba lilitazama barabara. Magari hayakusimama. Mwanasha alisimama ukingoni na tita lake, wenzake nyuma yake, na madereva waliokuwa wakipunguza mwendo kila siku walipita wakitazama mbele. Kunguru akatua juu ya makuti akajikuna. Mtu mmoja akaja na baiskeli, akatafuta pa kuiegemeza, akaiegemeza kwa Mwanasha, akaenda zake bucha. Mwanasha akangoja arudi aichukue. Lami ilipokuwa tupu kabisa, wakavuka mbio. Ng'ambo walitua mizigo, na jasho lilipokauka wakawa watu tena, muuza maji akawauliza hali.

Mapenzi aliteremka akamwendea Feisal.

"Hukumwona mamangu?"

"Nimeuona," Feisal akasema. "Mzigo mzuri, umefungwa sawasawa. Nikaukwepa."

"Amekuita kwa jina lako, Feisal. Nimesikia mpaka juu."

"Haya, umeniita. Nikasema mashallah, mzigo wenye adabu." Feisal alijipangusa uso. Alikuwa amekula nyumbani kwa Mwanasha tangu utotoni, na hakuwa akifanya mzaha. "Usinilaumu bure, dada. Mimi ninaona ninachokiona."

Jioni Mapenzi aliingia jikoni, mamake anakuna nazi.

"Shikamoo, mayo."

"Marahaba, mwanangu. Umechoka?"

"Ni mimi niliyefanya vile. Picha yako ilinijia, nikakuchorea kijivu."

Mwanasha aliendelea kukuna. "Na kijivu ndicho kilichotakiwa?"

"Ndicho."

"Sasa kosa liko wapi? Kazi yenyewe ulivyoihangaikia."

"Hawakusimamii, mayo! Utagongwa!"

"Hilo kweli," Mwanasha alisema baada ya kufikiri. "Zamani walikuwa wanasimama. Kuniamkia hawakuwa wakiniamkia nikiwa na mzigo, hilo sitawasingizia, lakini kusimama walikuwa wanasimama." Akauliza kama chumvi imebaki kwenye kopo.

Mapenzi alimuuliza inakuwaje, mtu akiwa mzigo. Mwanasha akasema hahisi kitu. Chini ya tita huwa hawazi, husikia miguu yake tu, na hata hiyo siku hizi huisikia kwa mbali. Mapenzi aliona heri mamake angelia. Hakulia, akapakua wali.

Asubuhi yake alimwendea Japheth akamweleza yote. Japheth alisikiliza vizuri, akachungulia dirishani, akawaona wanawake wamejipanga ukingoni na mbuzi anajisugua kwa mmoja wao.

"Naona mizigo," alisema kwa masikitiko. "But I believe you. Nitawaandikia wenye kazi."

Majibu yalikuja upesi na yalikuwa ya upole. Walimshukuru Mapenzi kwa umakini wake. Mwongozo, walisema, unabaki ulivyo, ila wangependa kujua kwa nini mhusika asitue mzigo anapovuka.

"Si wamesema ukweli?" Japheth akasema. "Aweke chini, avuke, simple."

"Na mzigo uvuke na nani?"

Japheth akamwambia arudi kazini.

Hata hivyo Mwanasha alijaribu. Aliyatua makuti akayaburuta juu ya lami, uso wazi, na gari zikamsimamia vizuri sana, mwenye pikapu akamwonyesha kwa mkono apite. Lakini makuti yaliyoburutwa hukatika nyuzi, na mwenye lori akayakataa yote. Siku hiyo walilala na uji. Kesho yake Mwanasha akajitwika kama alivyofundishwa.

Wiki hiyo Mejumaa aligongwa. Mejumaa alikuwa jirani yao, mjane, na yeye ndiye aliyemfunga Mwanasha leso ya kwanza ya uzazi. Pikapu ilimkuta katikati ya lami. Dereva alishuka, akakagua taa zake, akayakusanya makuti yaliyotawanyika akayapanga pembeni kwa heshima, kwani ni mali ya mtu, akaondoka. Mejumaa alibaki chini mpaka alipoacha kuwa mzigo. Hapo ndipo watu wakapiga kelele, maskini mama wa watu, wakambeba hospitali. Alirudi na fimbo na mguu usiokunjika, na kwa kuwa hakuwa na wa kumlisha, alirudi pia chini ya tita. Polisi waliandika kwamba barabarani paliangukiwa na mzigo.

Siku iliyofuata, picha ya njia panda ilipoingia, Mwanasha akiwa wa mbele, Mapenzi alichora kijani.

Nje breki zikalia. Feisal alisimamisha tuktuk katikati ya barabara, akatoa kichwa. "Shikamoo mama Mapenzi! Jamani pita, mama, pita!" Lori la mchanga likasimama nyuma yake, na utingo wake akateremka kuzuia gari za upande wa pili. Mwanasha alivuka polepole chini ya makuti yake. Alipofika katikati aligeuka kidogo, tita zima likageuka naye, akalielekea dirisha la Mapenzi. Kisha kompyuta ya Mapenzi ikageuka nyekundu, ikaandika kosa, na chini kule gari zikaondoka zote kwa pamoja. Wenzake Mwanasha walikuwa bado ukingoni.

Japheth alikuja akasimama nyuma ya kiti.

"Kosa moja kwa siku wanasamehe," alisema kwa sauti ya chini. "La pili, system inakutoa yenyewe. Mimi sina uwezo."

"Moja?"

"Moja. Wanasema kukosea ni ubinadamu." Akampigapiga bega, akaenda kuchaji simu.

Basi ikawa hivyo. Kila siku Mapenzi alifanya kazi bila kukosea hata chembe, akiihifadhi ile nafasi yake moja, mpaka mamake atokee. Akichora kijani, gari husimama, Mwanasha huamkiwa, huvuka. Kisanduku kilikuwa cha mtu mmoja. Mapenzi alijaribu kukipanua kiwachukue wote, kikakataa. Wengine walingoja lami iwe tupu, au walingoja ng'ombe wanaoletwa kutoka upande wa Mackinnon Road, wakavuka nyuma yao, kwa kuwa ng'ombe wana rangi yao na gari huwasimamia. Wachungaji hawakuwazuia. Walizoea kuona mizigo inafuata kundi.

Usiku mmoja wakila, Mwanasha alisema, "Kesho usinichore."

"Kwa nini, mayo?"

"Mchore Mejumaa. Ule mguu hauwezi kukimbia, na ng'ombe wanamwacha. Nimeliona leo, sikulipenda jambo lile."

"Na wewe?"

"Mimi miguu ninayo."

"Mayo, sitaki." Mapenzi alisukuma sahani. "Nikikuacha wewe nitakuwa nimekuchora kijivu tena, kwa mkono wangu, na safari hii bila kulazimishwa na mtu. Usiniombe hilo."

"Nimekwisha kukuomba," Mwanasha akasema, na akamrudishia sahani. "Kula, mwanangu. Samaki ataharibika."

Kesho yake walitokea wote kwenye picha, na kwa mbele walifanana, matita mawili ya makuti bega kwa bega. Mapenzi aliutafuta mguu usiokunjika, akauona, akazungushia kijani. Kisha akamzungushia mamake kijivu kwa uangalifu, pembe zote nne, asije akafanya kosa la pili. Hakuchungulia dirishani. Alisikia breki, akasikia Feisal akisema shikamoo, akasikia fimbo ya Mejumaa ikigonga lami taratibu mpaka ng'ambo, na nyuma yake gari zikiondoka. Mtu fulani chini alimwuliza mwenzake mzigo ule pale ni wa nani, amfungie mbuzi wake kwa muda. Mwenzake akasema afunge tu.

Kompyuta ilikuwa imekwisha kuandika kosa, likasamehewa. Picha iliyofuata ilikuwa ya nchi nyingine, barabara ya vumbi jekundu, na wanawake wanashuka kilima na kuni kichwani, nyuso hazionekani. Wa mbele alikuwa amenyoosha mkono kuzuia gari. Mapenzi hakuwajua. Aliwachora kijivu, mmoja mmoja, na visanduku vyote vikawa sahihi.