Kugonga Kabla ya Kushika

Nsajigwa alikuwa askari wa uhandisi kutoka Mbeya, na huu ulikuwa mwezi wake wa pili wa mafunzo Lubumbashi. Kundi la uokoaji kwa kamba lilikuwa na nafasi moja iliyobaki, naye aliitaka kuliko kitu kingine chochote. Mwaka uliopita, kule kwao, kilima kilimeguka. Alisimama ukingoni mwa korongo akimsikia mtu akiita kutoka chini, asijue namna ya kushuka.

Mwenye uamuzi alikuwa Mama Honorine, ambaye kwa miaka tisa alikuwa akining'inia kwenye kuta za mgodi huko Ruashi, akiangusha mawe yaliyolegea kabla hayajawaangukia wachimbaji. Jumamosi alimpeleka kwenye machimbo ya zamani ya mawe, ng'ambo ya ziwa la Karavia. Djo, dereva wao, aliegesha gari mbali na ukuta, akakaa juu ya boneti na mfuko wa karanga.

Nsajigwa hakuwahi kupanda mwamba. Alitegemea kuambiwa habari za nguvu za mikono. Badala yake Honorine alimpa nyundo ndogo.

"Unagonga, unasikia, kisha unaniambia. Jiwe iko muzima ao iko mubovu. Miye huku chini sioni kintu. Najua tu ile unaniambia."

"Ndiyo, Mama."

Kamba ilitoka kiunoni mwa Nsajigwa, ikapita kwenye pete ya chuma kule juu, ikarudi hadi kwenye mkanda wa Honorine. Jiwe la kwanza lililia kama chungu kisicho na ufa. "Muzima!" La pili lilitoa sauti ya sanduku tupu. "Mubovu!" Baada ya mita tatu alikuwa anagonga hata mawe asiyoyahitaji, ayasikie tu.

"Weye soda!" Djo alipiga kelele, kwa jina wanaloitwa wanajeshi mjini. "Unapanda ao unabisha hodi?"

Kwenye mita ya tisa alikuta jiwe lenye ukubwa wa mto wa kulalia. Sauti yake ilianza kali, ikaishia nzito. Akagonga tena. Vilevile. Lakini depo, kwenye mafunzo ya mwanzo ya jeshi, walifundishwa kwamba askari akiulizwa na mkubwa wake, hajibu "sijui".

"Muzima!" akaita, akalishika.

Jiwe likang'oka. Alianguka kiasi cha urefu wa mkono, kamba ikamdaka. Jiwe lenyewe lilipasuka chini, hatua moja kutoka mguu wa Honorine. Honorine hakuiachia kamba. Djo aliacha kutafuna.

"Umeumia?"

"Hapana, Mama. Samahani sana."

"Ile jiwe ilikuambia nini?"

Nsajigwa aliushika ukuta tena. "Sikujua. Jeshini hatujibu hivyo."

Honorine alivitazama vile vipande bila hasira. "Ungesema haujue, ningesogea pale, na kamba ningeikaza. Sasa unashuka ao unaendelea?"

Aliona kwamba nafasi imeshampotea. Hata hivyo alitaka kulisikia jiwe linalofuata.

"Naendelea."

Aligonga, akasikiliza. "Sijui!"

Changarawe zililia chini ya viatu vya Honorine akihama. Kamba ikakazika. "Haya, jaribu pole pole!"

Jiwe likashika. Kabla ya kufika juu aliita hivyo mara nne.

"Mungu wangu," Djo alisema, "balituletea soda mwenye hajue kintu!"

Aliposhuka, Honorine alijifungua kamba, akaenda kwenye gari, akasaini karatasi ya kundi juu ya boneti.

"Uko ndani. Jumatatu tutaanza kumufundisha kapiteni wenu. Ule, sijasikia anasema 'sijui' hata siku moja."

Nsajigwa alisoma jina lake mara mbili, akaikunja karatasi. Kisha akaenda kuchuchumaa kwenye vile vipande.

"Mama, mbona sauti ilikuwa mbili?"

Honorine alimfuata, akakigeuza kipande kimoja. Ndani, ufa mwembamba uliojaa udongo ulikata jiwe hadi katikati tu. Akachukua nyundo, akagonga upande huu, akagonga upande ule, naye Nsajigwa akainamisha sikio.