Mama Mitungi

...na asilimia sitini na moja, eti, mashine ya chuo ya kunasa wizi wa maandishi imesoma sura ya nne ya tasnifu yake na kukuta asilimia sitini na moja ni ya wizi, na aliyeibiwa ni Mama Mitungi, mwandishi wa blogu, na Mama Mitungi ni nani kama si yeye mwenyewe, Aluoch, aliyesimama hapa Tassia kwenye laini ya maji, mtungi miguuni, simu mkononi, jua la saa nne likimchoma utosi, tangu lini mtu akila ugali wake akaitwa mwizi, lakini Profesa Wahome, msimamizi wake wa miaka sita, hakuuliza, ameandika tu kwamba ajieleze kabla ya saa kumi na moja jioni la sivyo jina lake litapelekwa kwa kamati na shahada yake ya uzamifu iishie hapo, Wahome huyu huyu aliyemwambia, andika blogu, Aluoch, utafiti usiosomwa na watu ni maiti, naye akaandika, kila Ijumaa, kwa jina la bandia ili mwenye ploti asijue ni mpangaji gani anayemwanika, na watu wakasoma, maelfu, ilhali tasnifu yenyewe itasomwa na wanne na wawili kati yao watasinzia... "Songa, dokta," akasema Mama Clare nyuma yake, na laini ikasogea hatua moja, dokta, ndivyo wanavyomwita tangu alipohamia, wanamletea watoto wenye kikohozi, amechoka kueleza kwamba udaktari anaousomea ni wa vitabu, hautibu hata mafua, na sasa hata huo wa vitabu unamponyoka, lakini jibu si lipo, ameshaliandika, Mama Mitungi ni mimi, maneno yote ni yangu, bado kubonyeza tu, Wahome aone haya, mzee mzima, ingawa hataona, maprofesa hawaoni haya, atasema ulipaswa kujinukuu, kujinukuu!... "Clare alinisomea hiyo blogu jana kwa simu," Mama Clare alikuwa akimwambia Waithera wa ghorofa ya chini, "ile ya mitungi wajane," na Aluoch akatega sikio, mitungi wajane, ile inayopangwa kwenye laini alfajiri kisha wenyewe wakaenda kazini, jina tamu, jina lililoibeba sura nzima, Wahome aliandika kando yake, ubunifu wa hali ya juu, na Aluoch akainamisha kichwa kama bibi harusi, hakukana, akapokea, na anajua lilikotoka, anajua vizuri, lilitoka papa hapa mwezi Machi, wiki moja baada ya Mama Clare kumzika mumewe, Ngigi, alipousukuma kwa kidole cha mguu mtungi uliokuwa peke yake na kusema, huu pia ni mjane, uko kwa laini na mwenyewe hayuko, na Aluoch akamshika mkono, alimshika kweli, akalia naye kweli, kisha akapanda ngazi mbiombio akaandika kabla hajasahau, hakumwomba ruhusa, hakumpa ile fomu ya idhini waliyoitia sahihi wengine wote, kwenye tasnifu akamwita mhojiwa namba kumi na moja, na kwenye blogu hakumwita kitu... "Hayo yalikuwa maneno yangu," Mama Clare alisema, na hakusema kwa hasira, afadhali angekuwa na hasira, "nilisema nikimlilia Ngigi, sasa huyo mtu alinisikia aje?" na Waithera akasema labda ni watu wa nyumba hizi hizi, dunia imeharibika, na Aluoch akaona kwamba ile mashine aliyoilaani asubuhi nzima haikukosea juu ya wizi, ilikosea jina la aliyeibiwa tu, akajichukia, akaichukia na ile sentensi iliyokuwa ikimkodolea macho kwenye simu, na laini imesimama, na mfereji unatoa uzi mwembamba wa maji... "Dokta," Mama Clare akamgusa bega, "wewe umesoma, niambie, mtu akichukua maneno yako bila kukuuliza, unamshtaki wapi?" na Aluoch alijua, kamati ya maadili ya utafiti, ghorofa ya tatu, mlango wa kushoto, hukutana kila Jumanne ya pili, malalamiko hupokelewa hata kwa Kiswahili, hata kwa mdomo, akamtazama mama wa watu usoni akasema, "Sijui, Mama Clare."